Kengele ya Kufunika Moto



Liko neno ambalo kila kijana wa nchi yetu amelijua kabla ya kulisoma popote. Ni neno la Kifaransa, couvre-feu. Redio inapolitamka, mama anaharakisha kufunga meza yake sokoni, mwenye pikipiki anamwambia abiria kwamba hii ndiyo safari ya mwisho, na kwaya inakatisha mazoezi kabla ya wimbo wa komunyo kujulikana vizuri. Tulilisikia nchi nzima mnamo Desemba 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, ilipoamriwa kwamba kuanzia saa tatu za usiku hadi saa kumi na moja za alfajiri mtu asionekane barabarani. Mwaka ule parokia hazikuweza kukesha Misa ya usiku wa Noeli kama zilivyozoea. Ilibidi kusali mapema na kurudi nyumbani. Nao ndugu zetu wa miji ya mashariki wamelijua neno hilo kwa sababu nyingine iliyo chungu zaidi, yaani vita.

Waingereza nao wanalo neno lao, curfew, ambalo hutamkwa takriban «kafyu». Wanafunzi miongoni mwenu wamelikuta katika masomo ya Kiingereza, na mwalimu akawaambia kwamba maana yake ni amri ya kutotoka nje usiku. Amesema kweli, lakini hiyo ndiyo maana ya mwisho ya neno hilo. Maana yake ya kwanza haikuhusu askari, wala kizuizi cha barabarani, wala adhabu. Ilihusu kengele, nayo kengele hiyo ilihusu moto wa jikoni. Katika tafakari hii tuifuate njia ambayo neno hilo limepita, kwa maana ndani yake mna fundisho kwetu sisi tunaoishi chini ya amri za usiku.

Neno na nyumba yake

Mnamo mwaka 1066, William, mtawala wa Normandie, alivuka bahari na kuiteka Uingereza. Tangu hapo, kwa muda wa miaka mingi, watu wa ikulu na wa mahakama katika nchi ile walisema Kifaransa, na maneno mengi ya Kifaransa yakaingia katika kinywa cha Waingereza. Mojawapo lilikuwa neno la kale lililoundwa na maneno mawili: «funika» na «moto». Mwingereza alilitamka kwa ulimi wake, likafupika, likawa curfew. Mfaransa alibaki na couvre-feu. Kwa hiyo neno linalotoka redioni kwetu na neno lililomo katika kitabu cha Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja. Hata lile neno la Kiingereza la kitambaa cha kichwani, kerchief, lilizaliwa kwa namna hiyohiyo: hapo kinachofunikwa ni kichwa badala ya moto.

Kwa nini watu waamriwe kufunika moto? Tufikirie miji ya Ulaya ya wakati ule. Nyumba nyingi zilijengwa kwa miti na udongo, zikaezekwa kwa nyasi au mabua, nazo zilisongamana pande zote mbili za njia nyembamba. Katika nyumba za watu wa kawaida moto uliwaka katikati ya sakafu, moshi ukatafuta njia yake katika paa. Cheche moja iliyorushwa usiku, watu wakiwa wamelala, ilitosha kuteketeza mtaa. Wakazi wa London walilijua jambo hilo kwa machozi yao: Septemba 1666 moto ulianza usiku katika nyumba ya mwoka mikate, ukaendelea kwa siku kadhaa, ukaharibu nyumba zipatazo 13,200 na makanisa ya parokia 87.

Basi jioni, mara nyingi saa mbili za usiku, yaani saa 20, kengele ililia. Kila mwenye nyumba aliposikia, alisogeza makaa pamoja, akayazungushia majivu, na mwenye uwezo akayafunika kwa chombo cha shaba au cha udongo chenye mshikio. Chombo hicho nacho kiliitwa kwa jina hilohilo. Hapa ndipo ninapowaomba muangalie vizuri. Neno halikusema «zima moto», lilisema «funika moto». Kuwasha moto upya asubuhi kulikuwa kazi, kwa maana viberiti havikuwako. Makaa yaliyofunikwa yalilala chini ya majivu bila kuwaka na bila kufa. Alfajiri mama wa nyumba aliyafunua, akayapuliza, akaongeza vijiti, na moto ukaamka. Bibi zetu wa vijijini hawahitaji kufundishwa jambo hilo na Mwingereza. Nao walifunika makaa kwa majivu kati ya mafiga, na asubuhi jirani ambaye moto wake ulikuwa umekufa alikuja na kigae kuomba kaa moja.

Kwa hiyo hapo mwanzo kengele ile ilikuwa na kazi mbili. Ililinda nyumba ya jirani isiunguzwe na moto wako, na ililinda moto wako usife kabla ya asubuhi.

Kutoka majivu hadi upanga

Lakini kila kengele inayosikiwa na mji mzima huvuta macho ya wenye mamlaka. Mapokeo ya Waingereza yanasimulia kwamba William aliilazimisha kengele hiyo ili watu aliowashinda wasikutane usiku kupanga uasi. Simulizi hilo linafaa kupokelewa kwa tahadhari, kwa sababu desturi ya kufunika moto ilijulikana pia katika nchi nyingine za Ulaya, na haja yake ilikuwa wazi kwa kila mtu. Hata hivyo simulizi lenyewe linatufunulia jinsi watu walivyoikumbuka: kwao kengele ya kufunika moto ilikuwa pia kengele ya kuwafunika wao.

Mwaka 1285, chini ya Mfalme Edward wa Kwanza, sheria za mji wa London zilikataza mtu kuzunguka barabarani na upanga au ngao baada ya kengele hiyo kulia katika kanisa la Mtakatifu Martin. Mwaka huohuo sheria nyingine iliagiza miji yenye kuta ifunge malango yake tangu jua kutua hadi kuchomoza. Hapo neno limekwisha kupiga hatua. Bado ni kengele, tena kengele ya kanisa, lakini haisemi tena na mama aliye jikoni peke yake. Inasema pia na mtu mwenye silaha aliye njiani. Wenye vilabu vya pombe wanafunga milango, walinzi wa usiku wanashika zamu, na anayeonekana nje anaulizwa anakotoka na anakokwenda.

Karne zilipita. Nyumba za mawe na matofali ziliongezeka, mabomba ya moshi yakajengwa, saa zikaingia majumbani. Haja ya kufunika makaa ikapungua, lakini miji mingi iliendelea kupiga kengele kwa mazoea. Mshairi Thomas Gray alipotoa shairi lake mashuhuri juu ya makaburi ya kijijini, mwaka 1751, alilifungua kwa mlio wa kengele hiyo, na kwa wasomaji wake lilikuwa bado jambo la kila jioni. Baadaye kengele ikanyamaza katika sehemu nyingi, na neno likabaki peke yake. Likaacha kuwa jina la mlio, likawa jina la saa. Likaacha kuwa jina la saa, likawa jina la katazo.

Leo Mwingereza au Mmarekani hulitumia kwa namna nyingi. Serikali huweka curfew, huiongeza muda, huiondoa. Mzazi humwekea binti yake saa ya kurudi nyumbani, nayo huitwa kwa neno hilo, na kijana anayechelewa husemwa kwamba ameivunja. Kocha huwapa wachezaji wake saa ya kulala kabla ya mchezo. Hata uwanja wa ndege ambao ndege haziruhusiwi kutua usiku, ili wakazi walale, husemwa kuwa na curfew. Katika matumizi hayo yote hakuna anayefikiri tena juu ya kengele wala juu ya majivu.

Kanisa lilifanya nini na kengele ile?

Wakati kengele ya jioni ilipokuwa ikiingia mikononi mwa watawala, jambo jingine lilikuwa likitendeka kimyakimya. Watu wa Mungu walianza kusali kwa mlio huohuo. Katika karne ya 13 Ndugu Wafransisko waliwahimiza waamini kumsalimu Bikira Maria jioni, kengele inapolia. Mwaka 1318 Papa Yohane wa Ishirini na Mbili, aliyekaa Avignon, aliisifu desturi ya waamini wa Saintes, huko Ufaransa, ya kusali Salamu Maria mara tatu kwa kengele ya jioni, akawapa rehema wale walioishika. Mwaka 1327 aliagiza desturi hiyo ifuatwe na Roma pia. Mahali pengi kengele ya sala na kengele ya kufunika moto zililia saa moja, na mara nyingine ilikuwa kengele ileile moja. Mlinzi wa mji aliisikia kama amri, na mjane akaisikia kama mwaliko.

Sala hiyo ikakua. Ikaongezwa ya asubuhi. Huko Uingereza, mwaka 1399, Askofu Mkuu Thomas Arundel wa Canterbury aliagiza Bikira Maria asalimiwe pia alfajiri. Sala ya adhuhuri ilikuwa na historia yake. Mwaka 1456, jeshi la Waturuki lilipouzingira mji wa Belgrade, Papa Kalisti wa Tatu aliagiza kengele zipigwe mchana ili Wakristu wasali. Mnamo mwaka 1472 Mfalme Louis wa Kumi na Moja wa Ufaransa aliwataka raia wake wapige magoti adhuhuri na kuombea amani. Nyakati hizo tatu zikaungana polepole, zikawa sala tunayoiita Malaika wa Bwana, inayosaliwa asubuhi, adhuhuri na jioni. Mwaka 1974 Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake Marialis Cultus, aliwaomba waamini wasiiache, akikumbusha kwamba ni sala fupi, yenye mizizi katika Injili, na kwamba chanzo chake kinahusiana na kuombea amani.

Yafaa tutafakari jambo hili. Kanisa halikuwa na uwezo wa kuifuta kila amri ya mfalme. Lakini saa ileile ambayo mfalme alimwambia mtu «nyamaza, ingia ndani», Kanisa lilimwambia mtu huyohuyo kwamba Mungu amekuja kukaa ndani ya nyumba yake. Usiku haukuachwa uwe mali ya walinzi peke yao.

Saa mbili za usiku katika mji wa Seattle

Sasa tuvuke hadi Marekani, mwaka 1942, tuone jinsi neno hilo la Kiingereza lilivyogeuka kuwa kosa mbele ya mahakama. Desemba 1941 Japani ilikuwa imeishambulia Marekani katika bandari ya Pearl Harbor. Miezi michache baadaye jenerali aliyesimamia pwani ya magharibi alitoa amri: watu wa asili ya Japani wawe ndani ya nyumba zao kuanzia saa mbili za usiku hadi saa kumi na mbili za asubuhi. Saa mbili za usiku, saa ileile ya kengele ya kale. Wajerumani na Waitalia waliokuwa wageni nchini waliguswa pia na amri hiyo. Lakini Mmarekani mwenye asili ya Ujerumani au Italia, akiwa raia, alitembea apendavyo. Mmarekani mwenye asili ya Japani, hata kama alizaliwa palepale na ni raia kamili, alifungiwa.

Gordon Hirabayashi alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu mjini Seattle, mji aliozaliwa mwaka 1918. Alikuwa Mkristu wa jumuiya ya Wakwekeri, ambao hukataa vita na jeuri. Mwanzoni aliitii amri. Kila jioni, alipokuwa akisoma maktabani na rafiki zake, wenzake walimkumbusha dakika chache kabla ya saa mbili, naye akakusanya vitabu na kukimbia. Jioni moja, njiani, swali likamsimamisha: kwa nini nakimbia mimi, na wale niliowaacha mezani wanaendelea kusoma? Sisi sote ni raia wa nchi moja. Akageuka, akarudi maktabani.

Hakufanya fujo, wala hakujificha. Watu wa asili ya Japani walipoamriwa kujiandikisha ili wahamishiwe kambini, alikwenda mwenyewe kwa polisi wa serikali, akaeleza kwamba dhamiri yake haimruhusu kukubali. Alishtakiwa, akafungwa. Mwaka 1943 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa sauti moja, iliamua kwamba kuvunja curfew kulikuwa kosa na kwamba amri ile ilikuwa halali kwa sababu ya vita. Hirabayashi akaipokea adhabu yake. Lakini katika miaka ya 1980 hati za serikali zilifunuliwa, zikaonyesha kwamba mahakama ilikuwa imefichwa ukweli, na mwaka 1987 hukumu yake ikafutwa. Alikufa Januari 2012, na mwaka huohuo taifa lake likamtunuku nishani ya juu kabisa anayoweza kupewa raia. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kwa mahakama kukiri kile ambacho kijana mmoja alikitambua usiku mmoja, vitabu vikiwa kwapani.

Tunajifunza nini hapo? Si kwamba kila amri ya usiku ivunjwe. Wahenga wamesema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: inamkata mkubwa na mdogo, mwenyeji na mgeni. Kengele ya kufunika moto ilikuwa ya haki kwa sababu ililia kwa wote. Moto wa tajiri huunguza kama moto wa maskini, kwa hiyo tajiri na maskini walifunika saa moja. Amri ya Seattle ilikuwa na jina lilelile na saa ileile, lakini msumeno wake ulikata upande mmoja tu. Ilitazama uso wa mtu kabla ya kutazama tendo lake.

Nasi kwetu

Nchi yetu imewahi kuonja amri ya namna hiyo. Katika miji iliyojengwa wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, Mwafrika alikaa katika mtaa wake, na usiku hakuruhusiwa kutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Mzungu hakuhitaji karatasi hiyo. Wazee wetu walijenga barabara ambazo usiku hazikuwa zao. Tena inatupasa kukiri kwa unyenyekevu kwamba kengele za misheni zililia juu ya mitaa yote miwili, na Wakristu wengi wa wakati ule hawakuona kinyume kati ya Salamu Maria ya jioni na karatasi ile.

Kwa hiyo, kijana mpendwa, couvre-feu inapotangazwa, tuwe na maswali mawili moyoni. La kwanza: kengele hii inalia kwa wote? Kama inalinda uhai wa kila mtu, tuitii kwa upendo, hata ikituharibia sherehe, kama tulivyofanya Noeli ile ya 2020. Kama inamfungia mmoja na kumwachia mwingine, kama kizuizi cha barabarani kinampokonya maskini fedha zake na kumpigia saluti mwenye gari, basi Mkristu hawezi kusema kwamba hajaona. Atasema ukweli bila chuki, mchana peupe, kama yule mwanafunzi wa Seattle.

Swali la pili ni letu zaidi: moto wetu tumeufunika au tumeuzima? Usiku wa amri ni mrefu. Umeme umekatika, nje hakuna anayepita, labda mlio wa risasi unasikika mbali. Ni rahisi kuuacha moyo upoe: kuacha masomo, kuacha sala, kuanza kumchukia jirani wa kabila lingine. Amri inaweza kufunga mlango wa nyumba. Haiwezi kumzuia mzazi asisali na watoto wake, haiwezi kumzuia kaka mkubwa asimsomeshe mdogo wake kwa taa, haiwezi kuwazuia wapangaji wa uwanja mmoja wasisameheane kabla ya kulala. Hayo ndiyo majivu yanayotunza kaa. Kukicha, kikundi cha vijana kilichotunza makaa yake kitakuwa na moto wa kumgawia jirani anayekuja na kigae.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Usiku wa couvre-feu ulioukumbuka zaidi ulikuwaje nyumbani kwenu? Ni nani aliyeutunza moto wa familia usiku huo?

2. Katika mtaa wetu au shule yetu, ni sheria gani «inayolia» kwa baadhi ya watu tu? Tunaweza kufanya nini pamoja, kwa ukweli na bila jeuri?

3. Je, kengele ya Malaika wa Bwana bado inasikika katika parokia yetu? Kikundi chetu kinaweza kujitoa kuipiga na kuisali jioni moja kila juma kwa ajili ya amani ya nchi yetu?

Bikira Maria, Mama wa Mungu na Malkia wa amani, atuombee.